Mkasi Ulikuwa Mkononi Mwangu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mezani kwa Mhariri, kalamu mkononi, karatasi mbele yangu. Wengi mmepiga simu kuuliza kama nilitia sahihi.

Nilitia. Tena kwa mbwembwe, nikapiga na mstari chini yake.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, nitasema kwa ufupi, maana kurudia aibu hii kunanichosha. Mimi ndiye niliyeandika "Mifuko ya Watu" kwa miaka miwili katika gazeti langu la zamani. Ni ile hadithi ya dobi aliyekuta ufunguo mdogo umefungwa kwenye leso, ndani ya koti la mteja, akaanza kuutafutia mlango. Nilisimuliwa na marehemu baba, fundi wa kujalidi vitabu, nikiwa mtoto nimekaa chini ya meza yake ya kazi. Alifariki kabla hajanimalizia. Kwa hiyo hata mimi sikujua mlango ule uko wapi. Wiki kumi na moja nilikuwa nauzungusha ufunguo tu, leo jikoni, kesho stoo, na wasomaji wakinisuta kwa barua.

Katikati ya barua hizo, mmoja aliuliza nilipata wapi moyo wa kuandika. Mhariri akadaka. "Andika, dada," akaniambia, "vitabu, familia, marafiki. Watu wanapenda mambo hayo." Nikaandika ukurasa mzima. Baba nilimpandisha mbinguni. Kuhusu mama niliandika sentensi moja: "Mama yangu alikuwa dobi, hakuwa mtu wa vitabu." Ishikeni sentensi hiyo, mtakutana nayo tena.

Kisha gazeti la wapinzani, ambalo sisi tulikuwa tukiliita "Wale", na ambalo ndilo hili mlilonalo mkononi, likatangaza kwamba litachapa mwisho wa kweli wa "Mifuko ya Watu", kwa mkono wa mwenyewe. Jina halikutajwa. Mhariri alikaribia kutafuna meza. Akaandika ilani: mtu huyo ni mwizi, ni tapeli, ni kupe aliyeganda kwenye jasho la mwandishi wetu. Chini akaniachia nafasi ya sahihi. Ilani ingetoka Jumamosi, ukurasa wa kwanza.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Sasa tuendelee.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, mkutubi wa shule ileile tuliyosoma. Tunamwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza, hata maktabani kwake.

"Njoo shuleni," akasema. "Vitabu vya baba yako vinatupwa."

"Vinatupwa na nani?"

"Na mimi. Mkuu wa shule ameagiza. Njoo kabla gari la taka halijafika."

Nikakata simu nikiwa nimejaa hasira. Nusu ya vitabu vya maktaba ile vilipita mikononi mwa baba. Vilikuwa vikienda kwake vimechanika, vinarudi vimenyooka, mgongo mgumu, herufi za dhahabu. Niliwaambia wasomaji wangu hivyo hivyo, kwamba nilijifunza kupenda vitabu kwa kuviona vikipona.

Nilivikuta vimerundikwa kwenye korido, nje ya mlango wa maktaba. Harufu ilinipokea kabla ya Kimya. Ilikuwa harufu ya unyevu, gundi iliyooza na mikojo ya panya. Nikaweka kitambaa puani.

"Hivi ndivyo mnavyotunza vitabu?"

"Usinianze," Kimya akasema. "Gundi ya baba yako ilikuwa ya unga. Mende wanakula unga. Wamekula miaka arobaini, sasa wameshiba."

Akachukua kitabu kimoja juu ya rundo, akakigonga ukutani. Mende watatu wakaanguka, mmoja akapita juu ya kiatu changu. Akakigonga tena, na mgongo wote ukabanduka, ukabaki unaning'inia kama soli ya kiatu kibovu. Ndani yake kulikuwa na mayai ya wadudu, vumbi jeusi, na vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa urefu.

Hapo nieleze kidogo. Fundi wa kujalidi, akishashona kurasa, hubandika vipande vya karatasi ngumu mgongoni kabla ya kuweka jalada. Hakuna anayeviona. Hutumia karatasi yoyote iliyopo, magazeti ya zamani, ramani mbovu, chochote kisichohitajika tena.

"Soma," Kimya akasema.

"Nisome nini? Mavi ya mende?"

"Soma hicho kipande."

Nikainama. Karatasi ilikuwa ya daftari, yenye mistari ya buluu, na juu yake kulikuwa na mwandiko wa wino. Kipande kilikuwa na upana wa vidole viwili tu, kwa hiyo kila mstari ulianzia katikati na kukatika. Nikasoma: "akaifungua ile leso, na ufunguo uka". Chini yake: "si wa kabati, si wa sanduku, na mwenye koti ha".

Nikasimama. Nikainama tena, nikasoma upya, kana kwamba maneno yangebadilika.

Sentensi ile nilikuwa nimeichapa gazetini mwaka juzi. Neno kwa neno.

"Baba aliandika," nikasema. "Kimya, baba alikuwa ameiandika."

Kimya akanipa kitabu kingine, akavunja mgongo wa cha tatu. Kwenye cha tatu nikaona herufi g. Mkia wake ulikuwa mrefu, umepinda kushoto, umerudi kuikata herufi yenyewe tumboni.

Mkia ule naujua kuliko sura yangu. Ulikuwa kwenye vikaratasi vilivyobanwa kwa pini kwenye nguo za watu nyumbani kwetu: magauni mawili, gwanda moja, mashati manne, usichemshe. Baba alikuwa na mwandiko wa kusimama, kama wa karani. Ule ulikuwa mwandiko wa mama.

Nikakimbilia sinki la pale koridoni, nikatapika chai yote niliyokunywa asubuhi. Sitapambi. Nilitapika mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa wanapita, mimi mwandishi wao maarufu.

Hadithi ya dobi. Mifuko ya makoti, harufu za kola, doa la damu kwenye shuka la kiongozi wa kwaya. Fundi wa vitabu angevijulia wapi vitu hivyo? Mtu aliyepitisha mikono kwenye mifuko ya watu maisha yake yote alikuwa chumba cha pili, anafua. Mimi ninayejiita mwandishi sikuliona jambo hilo kwa miaka arobaini.

Tulivunja vitabu kumi na saba. Kumi na kimoja vilikuwa na mama ndani. Vipande vingine vilikuwa vimekatwa vikanyooka, vingine vimekatwa ovyo, vimeyumba huku na huku, maneno yamepasuliwa katikati.

"Angalia," nikamwambia Kimya. "Hata kukata hakukata kwa heshima. Huyu alikata kama mlevi. Mkono ulioshika mkasi huu ungefaa kukatwa wenyewe."

Kimya akaangalia sakafu. "Usiseme hivyo," akasema.

"Nitasema. Na huyo mwizi wa Wale sasa namwelewa. Kaokota vitabu vya baba mahali fulani, kavivunja, kaunganisha. Anamwibia mama. Afadhali nilitia sahihi."

Kimya akafungua mdomo, akaufunga. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona akimeza neno, na siku ile alimeza zaidi ya moja. Sikumuuliza. Nilikuwa nashughulika kujiona mtetezi wa mama.

Ijumaa yote nilikuwa jikoni kwangu. Niliinjika birika, nikashikilia vipande kwenye mvuke mpaka gundi ilegee, nikavibandua kimoja kimoja kwa kisu cha siagi. Nyumba nzima ikanuka uji uliochacha. Niliporudi mezani picha ya baba ilikuwa inanitazama, amevaa aproni yake, anatabasamu. Nikaigeuza uso ukutani. Haikunitosha. Nikaitoa nje, nikaiweka juu ya pipa la taka, si ndani. Hata uamuzi kamili sikuweza kuufanya.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mama, kama ninavyokwenda kila Jumamosi. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huona mwanga na vivuli, basi. Kila Jumamosi nanunua gazeti njiani, namsomea. Kwanza vifo, kisha bei, kisha hadithi yangu. Kwa miaka miwili nilimsomea "Mifuko ya Watu" kila wiki, naye akisikiliza, mikono mapajani. Nikimaliza husema, "Mm. Umeisoma vizuri."

Siku zote nilidhani ananisifu.

Nilimkuta dirishani, kapu la soksi za wajukuu miguuni, anazioanisha kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na harufu gani hiyo?"

Nikamwekea vipande mapajani, vyote, nilivyokuwa nimevifunga kwenye taulo. Akashika kimoja, akakipitisha katikati ya vidole, akakinusa.

"Gundi ya unga," akasema. "Huyu ni baba yako."

"Ni wewe, mama. Ni mwandiko wako."

"Najua mwandiko wangu. Nasema gundi."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama chumvi imeisha. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kulia kwa kelele, yale machozi ambayo nusu yake mtu analia ili aonekane.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba hadithi ni yako. Nilikuwa nakusomea hapa, mama. Hapa hapa. Kila wiki."

"Ulikuwa unaisoma vizuri," akasema. "Mahali pengine ulikuwa unaharibu. Yule mpishi ulimwingiza wewe, mimi sikuwa na mpishi."

Akaendelea kuoanisha soksi.

"Niliandika madaftari sita," akasema. "Maji yakichemka naandika, nguo zikilowa naandika. Mwaka ule karatasi ikaadimika. Baba yako alikuwa na kazi ya shule, vitabu mia mbili, na karatasi ya mgongoni hana. Akaniomba madaftari. Akasema karatasi iliyoandikwa wino ni nzuri, haijikunji kwa gundi. Akasema nitaandika mengine."

"Ukampa?"

"Aliyachukua. Mimi nilikuwa nafua."

"Alijua ni nini?"

"Aliyasoma yote kwanza. Alikaa siku mbili anasoma, chakula kinapoa. Alicheka, alipofika kwa yule mjane akafuta macho. Akaniambia, 'Mke wangu, hiki kitu kizuri.' Kisha akachukua rula, akapiga mistari ya kukatia."

Wasomaji, nimeona maiti iliyokaa siku nne, wakati nikiandika habari za mahakama. Sikusikia kinyaa kama nilichosikia pale. Angekuwa hajui kusoma ningemsamehe. Alisoma, alicheka, alilia, akapiga mistari. Kisha akanichukua mimi chini ya meza na kunisimulia kama chake.

"Alikuwa mnyama," nikasema.

"Alikuwa baba yako. Na kazi ilikuwa nyingi."

"Angalia alivyokata, mama. Shika hiki. Kimepinda kama njia ya ng'ombe. Hata kunyoosha mkasi alishindwa."

Mama akakipokea kipande. Akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kwenda na kurudi. Akatabasamu, na tabasamu lile sijalizoea.

"Baba yako alikuwa hakati vilivyopinda," akasema. "Yeye alikuwa anakata kama kisu cha mashine. Vilivyonyooka ni vyake. Vilivyopinda ni vyako."

"Vyangu?"

"Ulikuwa na miaka mitano. Hujui kusoma bado. Alikupa ule mkasi mdogo wa mpini mwekundu, akakuwekea madaftari mbele, akakwambia ufuate mistari. Mimi nilikuwa napiga pasi pale mlangoni. Ulikuwa unaimba."

Mkasi wa mpini mwekundu naukumbuka. Niliuandika. Upo kwenye ule ukurasa wangu wa sifa: "Baba alinipa mkasi wangu wa kwanza, na hapo ndipo nilipoanza kupenda karatasi." Wasomaji walinitumia barua kuusifu mstari ule. Mmoja alisema ulimliza.

Nikaitazama mikono yangu. Juzi yake nilikuwa nimeulaani mkono ulioshika mkasi. Ulikuwa huu wa kulia, huu ninaoandikia haya, na ndio uliotia sahihi Jumatano. Nilitaka kuuosha, na nilijua hakuna sabuni.

"Uliniacha nikate?"

"Ulikuwa unafurahi," mama akasema. "Ilikuwa mara ya kwanza amekuruhusu juu ya meza. Ningekunyang'anya, ningekuambia nini?"

Nikauliza kitu kingine, kwa woga.

"Madaftari yalikuwa sita. Nimehesabu mambo yaliyomo kwenye vipande, yanaishia pale baba alipoishia. Mwisho hamna."

"Alikata matano."

"La sita?"

"Nililishonea ndani ya mto. Nimelilalia miaka arobaini." Akapata soksi mbili zinazofanana, akazikunja. "Baba yako alikutafutia mwisho, maskini. Alikuwa anakuambia 'kesho, kesho'. Miaka minane anakuambia kesho. Hukujiuliza? Hakufa nao. Hakuwa nao."

Nikainuka mbio kwenda chumbani kwake. Mto ulikuwa kitandani, upande mmoja umefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyeona. Nikaubonyeza. Pamba tupu.

Nikarudi sebuleni nikiwa nimeukumbatia.

"Mama, daftari liko wapi?"

"Mwezi uliopita ulinisomea ule ukurasa wako," akasema. "Wa vitabu na familia na marafiki. Unakumbuka ulivyoniandika?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemsomea mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwenye kiti kile. Mama yangu alikuwa dobi, hakuwa mtu wa vitabu. Na yeye alisema, "Mm. Endelea."

"Sikukasirika," mama akasema. "Niliona tu kwamba nikifa itabaki hivyo hivyo, imeandikwa. Basi kesho yake nikamwita yule rafiki yako, Kimya. Nikamwambia anifumulie mto. Alinisomea daftari lote, mchana kutwa, analia kama mtoto. Nikamwambia alipeleke gazetini. Akasema la kwako. Nikasema hapana, kwenye la kwako wataliweka jina lako. Peleka kwa wale wengine."

Nikakaa sakafuni, mto mapajani.

Mwizi. Tapeli. Kupe aliyeganda kwenye jasho. Maneno yalikuwa ya Mhariri, ila jina chini yake lilikuwa langu, na mstari niliopiga kwa mbwembwe. Mitambo ilikwisha kazi yake. Gazeti lilikuwa limeshauzwa kila kona, na nakala moja nilikuwa nimeinunua mwenyewe njiani, bila kuifungua, ikiwa imekunjwa mkobani pamoja na miwani yangu.

"Wale wengine walisema watatangaza wiki hii," mama akasema. "Nataka kusikia wenzako wamelipokeaje. Umekuja na gazeti?"

"Nimekuja nalo," nikasema, kabla sijajizuia.

Akasukuma kapu pembeni. Akakaa vizuri, mikono mapajani, uso umeelekea sauti yangu.

"Basi leo tuache vifo na bei. Anza ukurasa wa kwanza."

Nikalifungua. Ilani ilikuwa juu kabisa, ndani ya fremu nyeusi, herufi kubwa kiasi kwamba hata macho yake yangeweza kuona kwamba kuna kitu. Nikakohoa. Nikatafuta habari nyingine ya kusoma, ya mvua, ya mpira, ya chochote.

"Na usiruke kitu," mama akasema. "Ukiruka huwa najua."